Roho Inaendelea. Na Muuaji Je?

Mara ya kwanza kuisikiliza Scenes from a Memory hadi mwisho, nilidhani faili imeharibika. Ilikuwa 2011, kwenye keja ya binamu yangu Kahawa Wendani, laptop yake imechomekwa kwenye zile spika za mtumba zinazonguruma hata kabla hujaweka wimbo. Nilisikia gari likiegeshwa, mlango, kinywaji kikimiminwa kwenye glasi, mtu akapiga ukelele, halafu chwaaaa. Mchakacho mtupu, kama redio inapopoteza stesheni matatu ikiteremka Bonde la Ufa. Nikanyoosha mkono nizime. Binamu akanishika kiganja.

"Wacha. Hiyo ndiyo mwisho."

"Mwisho gani huu sasa?"

"Rudia, utaskia."

Sikurudia siku hiyo. Albamu ina dakika 77, na nilimwambia hakuna muziki unaostahili kula dakika 77 za Jumamosi yangu mara mbili. Tangu hapo nimeirudia sijui mara ngapi, na nimekaa kwenye keja nyingi nikisikia watu wakibishana juu yake. Nimegundua kwamba wengi wetu tunabishana kuhusu vidole vya wapigaji na sauti ya mwimbaji, na tunaruka kitu ambacho albamu yenyewe imekiweka mlangoni kabisa, pale kwenye mchakacho.

Kwa ambaye hajui: Dream Theater ni bendi ya Marekani. John Petrucci wa gitaa, John Myung wa besi na Mike Portnoy wa ngoma walikutana wakiwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee, Boston, mwaka 1985. James LaBrie, Mkanada, alikuja kuimba mwaka 1991, na mwaka uliofuata wakatoa Images and Words. Humo mna wimbo unaoitwa Metropolis, na kwenye jina lake wameandika kwamba ni sehemu ya kwanza. Sehemu ya pili haikuwepo. Unajua mashabiki walivyo: ukiandika "sehemu ya kwanza" watakudai ya pili mpaka uzeeke. Mwaka 1996 bendi ilirekodi majaribio ya kama dakika ishirini ya huo mwendelezo, lakini kampuni iliyokuwa inawasimamia haikutaka albamu ya diski mbili, ikataka nyimbo za kupigika redioni. Falling Into Infinity ilipotoka 1997, wafuasi wakagawanyika. Wengine wakasema bendi imeuzwa.

Kwa hivyo walipoachiwa hatimaye wajisimamie wenyewe studioni, wakiwa na mpiga kinanda mpya, Jordan Rudess, aliyeingia shule ya Juilliard akiwa na miaka tisa, walirudi kulipa deni. Metropolis Pt. 2: Scenes from a Memory ikatoka Oktoba 1999. Kuna muziki wachache waliojitungia wanamuziki huku wasikilizaji wakiwa wamesimama nyuma yao hivi, mikono kiunoni, wakisubiri. Labda ndiyo maana wasikilizaji wanaizungumzia kama mali yao. Mwaka 2012, wasomaji wa Rolling Stone walipoulizwa albamu wanazozipenda zaidi za roki ya progresivu, hii ilishika namba moja, ikawapita hata Rush. Wazee wa roki walikasirika sana. Mimi nilifurahi, kisha nikajiuliza hao wapiga kura walikuwa wanapenda kipande gani.

Kisa ni hiki, na kama unaogopa kuambiwa mwisho, pole, imepita miaka ishirini na tano. Jamaa anaitwa Nicholas. Anasumbuliwa na ndoto za mwanamke asiyemjua, anaenda kwa tabibu anayelaza watu kwa hipnosi, na huko ndani ya usingizi anakutana na Victoria Page, msichana aliyeuawa mwaka 1928. Anagundua kwamba katika maisha yaliyopita yeye mwenyewe ndiye alikuwa Victoria. Victoria alipendwa na ndugu wawili: Julian Baynes, mlevi na mcheza kamari, na Edward Baynes, seneta. (Nilipoisikia mara ya kwanza, Kenya haikuwa na seneta hata mmoja. Senator kwetu ilikuwa bia ya pipa, na kwa dakika kadhaa nilidhani Julian ndiye anayeinywa.) Gazeti la wakati huo liliandika kwamba Julian alimpiga Victoria risasi kisha akajiua, na kwamba kulikuwa na shahidi. Nicholas anaamini, anatulia, anasamehe, anaimba kwamba hataogopa kufa tena. Anaamka, analipa, anaenda nyumbani. Ndipo sisi wasikilizaji, bila yeye, tunaonyeshwa ukweli: muuaji alikuwa Edward, seneta, huyohuyo "shahidi". Kabla ya kumfyatulia Victoria anamwamuru afungue macho. Nicholas akiwa kwake na glasi yake, tabibu anaingia nyuma yake na kumwambia vilevile afungue macho. Ukelele. Mchakacho.

Tabibu ni Edward amerudi. Albamu yenyewe inakuachia uunganishe, na kwa muda watu walibishana kama Nicholas amekufa au ameshtuka tu, lakini video ya tamasha lao la New York, lililofanyika Roseland Ballroom mwaka 2000, haikubakisha shaka kubwa.

Sasa, maoni.

Kundi la kwanza ni la watu wa hesabu. Kwenye keja yetu kiongozi wao alikuwa rafiki wa binamu, mpiga kinanda wa kanisa moja huko Githurai. Watu hawajui ni wangapi kati ya wapiga vyombo wa makanisa ya Nairobi wanalala na Petrucci na Rudess masikioni. Jumapili wanapiga pambio la mapigo manne, Jumatatu wanajitesa na The Dance of Eternity, kipande cha dakika sita kisichokuwa na mwimbaji ambacho hesabu yake ya mapigo hubadilika zaidi ya mara mia moja. Jamaa alijaribu kuihesabu kwa vidole hadi akaishiwa na vidole. Kwake hii albamu ni mlima: unapandwa kwa sababu upo.

Wapinzani wao wanasema ndiyo shida yenyewe. Kwamba hawa ni watu waliofundishwa sana na hawawezi kukaa kimya bila kuonyesha vyeti. Wanasema muziki ambao huwezi kutikisa kichwa bila kujikwaa si muziki, ni mtihani. Nimekaa pande zote mbili za hii kesi. Nakubali kwamba Beyond This Life, zaidi ya dakika kumi na moja, ina katikati ambapo gitaa na kinanda vinafukuzana bila sababu. Gazeti limeshasomwa, maiti imeshaokotwa, sisi tunangoja tu wamalize mbio zao. Hapo huwa naenda kuweka chai. Narudi na maji yameshachemka na bado wanafukuzana.

Lakini The Dance of Eternity siwapi. Angalia ilipowekwa. Inakuja baada ya Home, wimbo mrefu wa usaliti wenye sauti kama za muziki wa Kihindi, ambapo tunamwona Julian akizama kwenye kamari na ndugu yake akimnyemelea mwanamke wake. Inakuja kabla ya One Last Time, Nicholas anapoanza kushuku lile gazeti. Jina lake limetoka kwenye maneno ya mwisho ya ule wimbo wa 1992, na ndani yake utasikia vipande vya wimbo huo vikitokea vimevunjika, vikipotea, vikirudi kwa kasi isiyo yao. Kwangu hicho ni kichwa cha mtu ambaye kumbukumbu za mwingine zimeingia kwake bila kupanga foleni. Hakuna mapigo yanayokaa kwa sababu hakuna picha inayokaa. Kuna hata mahali kinanda kinageuka cha baa ya zamani, ragtime, kwa sekunde chache, halafu kinamezwa. Mpiga kinanda wetu alilalamika kwamba kufikia 1928 ragtime ilikuwa imeshapitwa, jazi ilikuwa imechukua mji. Nikamwambia, bro, wewe unasikiliza wimbo au unasahihisha mtihani wa historia?

Kuhusu sauti ya LaBrie, watu ni wakatili. Wanasema analia kama paka, kwamba anaigiza kupita kiasi, kwamba jukwaani hawezi kufika alikofika studioni. Mwisho wa 1994 mtu huyu aliugua sumu ya chakula akiwa likizo Cuba, akatapika kwa nguvu hadi akaumiza nyuzi zake za sauti, na kwa miaka mingi baadaye alipanda jukwaani akiwa na koo lisiloaminika. Simuombei huruma, sauti usipoipenda huipendi. Lalamiko ninalolichukua kwa uzito ni lingine: anaigiza kila mtu. Nicholas ni yeye, Julian ni yeye, Edward ni yeye, na hata mistari ya Victoria kwenye wimbo wa mwisho anaimba yeye. Msikilizaji wa mara ya kwanza hajui nani anaongea. Ungehitaji kijitabu mkononi, na sisi tuliokula albamu kutoka kwa flash za watu hatukuwahi kuona kijitabu.

Nilikuwa nikitetea jambo hilo. Nilikuwa nasema inafaa, kwa sababu Nicholas ndiye Victoria, roho moja koo moja. Nilijiona mjanja. Kisha rafiki yangu mmoja, mwanahabari, ambaye metali humpa kipandauso, alikubali kuisikiliza yote na mimi mapema 2024. Ilikuwa wiki chache baada ya maandamano ya Januari 27, wanawake walipojaa barabara za Nairobi wakisema wamechoka kuuawa. Hakuwa na hamu ya vidole vya mtu. Alisikiliza akiwa amekunja miguu kwenye kiti, na mwisho akauliza swali moja: "Victoria mwenyewe anaongea wapi?"

Nikamtajia Through Her Eyes. Jina lenyewe linasema, kupitia macho yake. Akaniambia niiweke tena. Na kweli, wimbo unafunguliwa na sauti ya mwanamke, Theresa Thomason, sauti kubwa ya kanisani inayopanda juu ya gitaa kama mtu anayeomboleza mtaa wa pili. Hana neno hata moja. Ni aa na oo. Maneno yanapoanza, ni mwanamume amesimama kwenye kaburi akieleza jinsi kifo cha huyu mwanamke kinavyomuumiza yeye.

"Hii nimeiandika mara ishirini," akasema rafiki yangu. "Mwanamke anauawa. Gazeti linauliza alikuwa na wanaume wangapi. Anayeulizwa kilichotokea ni yule aliyekuwa karibu, na kama ni mheshimiwa, anaitwa shahidi."

Hilo la shahidi lilinikaa. Miaka yote nilikuwa nimelichukulia kama ujanja wa hadithi za upelelezi. Watu wanaosema kisa cha albamu hii ni telenovela, ndugu wawili na msichana mmoja na siri kaburini, hawakosei. Ni telenovela kabisa, na kuna mistari ambayo ingemwaibisha hata mtafsiri wa zile za Mexico tulizokua nazo. Lakini kitu kimoja ambacho telenovela hii inajua vizuri ni jinsi hadithi rasmi inavyotengenezwa. Mwenye cheo yuko karibu na maiti, mlevi ana jina baya tayari, mfukoni mwake kunapatikana karatasi, mhariri ana nafasi ya kujaza kesho asubuhi. Nicholas naye, ambaye ndiye Victoria, anasoma hadithi ya kifo chake mwenyewe kwenye gazeti na kuiamini. Anaamka kwa tabibu akiwa na amani iliyojengwa juu ya uongo.

Na hapa ndipo nafika kwenye wimbo ambao kila mtu anaupenda.

The Spirit Carries On. Roho inaendelea. Hata watu wasiopenda metali huupenda, maana hauna metali. Ni wimbo wa taratibu, unauliza tumetoka wapi na tunaenda wapi, unajibu kwamba kufa si kuisha, gitaa la Petrucci linapanda polepole kama mtu anayepandisha ngazi akiwa amembeba mtu, na mwisho kwaya nzima inaingia. Bendi imeupiga peke yake kwenye ziara nyingi, umekatwa kutoka kwa hadithi, mashabiki wakiinua taa. Kati ya nyimbo zao huu ndio ninaousikia ukitajwa watu wanapozungumzia mazishi. Kuna wanaoudharau, wanasema ni kadi ya pole iliyotiwa umeme. Mpiga kinanda wetu alikuwa anasema ndio wimbo pekee wa hawa jamaa ambao angeweza kuupiga kanisani bila mchungaji kujua.

Mimi sikuhitaji kushawishiwa kuhusu roho kurudi. Nina jina la guka, baba ya baba yangu. Binamu yangu naye, kwa kuwa alikuwa kifungua mimba wa ndugu ya baba, alikuwa na jina hilohilo. Shosho alikuwa na waume wawili wa miaka minane. Alituita "mzee wangu", akatusalimia kwa heshima ya kuchekesha, na ukichelewa kurudi kutoka mtoni anakuambia hata zamani ulikuwa hivi, hujabadilika. Tukiwa wadogo tulidhani ni mzaha, na ni mzaha, lakini pia si mzaha. Kwa hivyo rafiki akiniambia kisa cha Nicholas hakiaminiki, huwa najiuliza yeye aliitwa kwa jina la nani.

Kitu ambacho shosho hakusema, ila kijiji kilitufundisha, ni kwamba jina haliji peke yake. Kulikuwa na mzee jirani aliyetukataza kupita shambani kwake. Watoto wengine walipita, sisi wawili hapana. Guka, kulingana naye, alisongeza mpaka miaka ya sabini. Alituangalia kama watu tuliofanya hiyo kazi jana usiku, na matope bado yako miguuni. Binamu alikuwa anamwamkia kwa adabu kila mara, "Shikamoo mzee" ya darasani, makusudi tu, na mzee anageukia upande mwingine.

Binamu alifariki 2018. Alikuwa anavuka barabara usiku karibu na Githurai, gari likamgonga, halikusimama. Hakuna aliyeshika nambari. Tulienda kuuliza, tukaambiwa tungoje, tukangoja, na kungoja kukawa ndio jibu. Kwenye ibada ya jioni, kabla ya kumpeleka nyumbani kwa mazishi, mpiga kinanda alikaa kwenye kona na kinanda chake cha kanisa na akaanza kupiga kitu taratibu. Watu walidhani ni pambio. Shangazi zangu walifunga macho. Mimi peke yangu, na yeye, na labda vijana wawili nyuma, tulijua ni nini.

Alipiga vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Nililia kama watu wengine. Lakini nilipokuwa nalia, sehemu ya kichwa changu ilikuwa inaendelea na albamu, kwa sababu nimeisikia mara nyingi mno kuweza kuisimamisha pale. Baada ya wimbo huu kuna wimbo mmoja tu. Nicholas anaamka akiwa amefarijika, anaendesha gari hadi nyumbani. Na aliyemlaza, aliyemsikiliza kwa upole akimwaga siri zote za maisha mawili, anamfuata kwa gari lake. Ikiwa roho inaendelea, basi ya Edward pia iliendelea. Ilipita mlango uleule. Imepata hata kazi nzuri.

Usiku ule nilichukia albamu hiyo. Niliona kama utani mbaya wa wavulana waliosoma muziki sana: wanakupa faraja, unaishika, wanaikata kwa sababu filamu lazima iwe na mshtuko mwishoni. Na huo ndio msimamo wa wasikilizaji wengi ninaowaheshimu. Wanasema mwisho umeharibu kilele. Kwamba wimbo mzuri kama The Spirit Carries On ulistahili kuaminiwa, na bendi ikauuza kwa ukelele mmoja na mchakacho. Wanazima kabla ya Finally Free. Najua mtu ambaye ameufuta kabisa kwenye simu yake, albamu yake inaisha na kwaya.

Ilinichukua kama miaka miwili kurudi kuisikiliza, na sasa nawapinga hao. Nadhani mwisho ndio unaouokoa wimbo usiwe kadi ya pole. Faraja ya Nicholas ina bei rahisi kwa sababu inaruka swali la nani alifanya. Anamsamehe mtu ambaye hakumkosea, Julian, na anamlipa ada aliyemkosea. Muziki wenyewe unakuonya ukiusikiliza: kwaya inapanda hadi juu kabisa kwenye hadithi ambayo msikilizaji makini anajua bado haijakamilika, maana One Last Time imeshauliza kama gazeti lilisema kweli. Huyu mtu anaimba kwa furaha kesi ikiwa haijafungwa. Ndiyo maana mwisho unaanza na sauti ya tabibu akimwamsha, upole uleule, na sisi tayari tuna wasiwasi bila kujua kwa nini.

Sijui kama bendi ilifikiria yote haya au walitaka tu kutushtua. Portnoy na Petrucci ni wapenzi wa filamu na mshtuko wenyewe ni wa filamu, sikatai. Lakini kazi ikishatoka, kilichomo kimo. Hapo kwenye diski mna watu wanaoamini kwamba kifo si mwisho, na mna mtu ambaye amelifanyia imani hiyo hesabu hadi chini: wema wakirudi, wabaya nao wako kwenye foleni, na wabaya wanakumbuka mapema zaidi. Tabibu alijua yeye ni nani. Nicholas ilibidi alipe ili aambiwe.

Dereva wetu yuko mahali. Hilo silipati kwenye dini wala kwenye metali, ni hesabu tu: barabara ile haikummeza. Anaweka mafuta, anapitisha watoto shule, huenda Jumapili anakaa kwenye kanisa fulani na kwaya inaimba kwamba roho haifi na anaitikia. Nikisikia wimbo ule sasa, namwona yeye pia akiwa ndani yake, na nashindwa kumtoa. Wanaousikiliza peke yake, taa juu, hawajakosea kuupenda, na binamu mwenyewe alikuwa mmoja wao, alikuwa anauimba bafuni kwa Kiingereza cha Murang'a hadi majirani wagonge ukuta. Ila yeye alikuwa haachi hapo. Yeye ndiye aliyenishika mkono nisizime.

Kuna jambo dogo ambalo alinionyesha na ambalo sikulielewa wakati ule. Albamu iliyofuata, Six Degrees of Inner Turbulence ya 2002, inaanza na mchakacho uleule. Ukiziweka mfululizo, sindano inakwaruza kwenye kifo cha Nicholas, na mkwaruzo haukatiki, unaendelea hadi kwenye wimbo kuhusu mlevi anayejaribu kuacha. Portnoy aliuandika kutokana na vita vyake mwenyewe na pombe. Huwa nasikia hapo kitu kuhusu Julian, yule mlevi aliyebebeshwa lawama, akipewa hatimaye nafasi ya kuongea. Mpiga kinanda anasema natafuta vitu ambavyo havipo. Inawezekana. Rafiki yangu mwanahabari aliposikia hoja hiyo aliuliza sasa Victoria atapewa nafasi kwenye albamu gani, na sikuwa na jibu.

Mwaka jana, siku ya kumkumbuka binamu, mpiga kinanda alikuja kwangu na viazi karai na tukaiweka yote, kuanzia saa ya ukutani inayogonga mwanzoni. Kwenye Beyond This Life niliweka chai. Kwenye The Dance of Eternity alihesabu, bado anahesabu, amefika mbali zaidi sasa. Kwaya ilipoingia hakuna aliyesema kitu. Halafu gari, mlango, glasi, ukelele.

Mchakacho ulipoanza aliangalia laptop, akaniangalia. "Nizime?"

Nikamwambia aiache ijiishie.